Mwanafunzi Kutoka Elwak

Siku Mohamednoor alipomwambia mkewe kwamba ameoa mke wa pili, Istahil alikuwa amekaa mkekani dukani, anafunga kichwa cha waya wa mtandao. Nyuzi nane zilikuwa zimejipanga kati ya kidole gumba na cha shahada: nyeupe yenye mstari wa chungwa, ya chungwa yenyewe, nyeupe ya kijani, ya buluu, nyeupe ya buluu, ya kijani, nyeupe ya kahawia, ya kahawia. Ukikosea mpangilio huo, waya wako unabaki kuwa kamba ya kuanikia nguo.

"Nimeoa Elwak," alisema Mohamednoor. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyepita tu kuulizia vocha.

Istahil aliziingiza nyuzi ndani ya kichwa cha plastiki, akachungulia kuhakikisha zote zimefika mwisho, akabana na koleo. Akachomeka waya kwenye kipimo. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, hakuna iliyoruka.

"Mlingoti wa kule umeshauwekea waya wa radi?" akauliza.

Mohamednoor alishusha pumzi. Bila shaka alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa koleo kurushwa, na sasa alipoona salama akayasema yote kwa mkupuo. Ndoa ilikuwa imefungwa mwezi uliopita. Msichana anaitwa Arbia, baba yake anauza mifugo, na amesomea kompyuta kidogo Moyale. Yeye ndiye atakayesimamia tawi jipya la Elwak. Na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfundisha kazi, atakuja Garissa akae na Istahil dukani mpaka aishike. Istahil akasema sawa. Baada ya kitambo akasema sawa tena, maana hakuwa na hakika kama ile ya kwanza ilitoka kinywani.

Biashara ile walikuwa wameianza wawili. Istahil alikuwa na diploma ya mitandao, Mohamednoor alikuwa na ulimi. Yeye alizungumza na wenye nyumba, wenye maduka ya dawa, walimu wa madrasa. Mkewe alipanda juu ya mapaa kwa ngazi, buibui limefungwa kiunoni, akaelekeza antena. Laini moja kubwa iliingia dukani kwao mtaa wa Iftin, na kutoka dukani ikagawanywa mtaa mzima. Watu walimjua Mohamednoor kuwa ndiye mwenye waifai. Istahil walimjua kuwa ndiye anayekuja ikikatika.

Habari ya ndoa ilipoenea, wanawake walikuja kukaa naye, kama ilivyo ada. Mama yake, Muslimo, alileta maziwa ya ngamia na uvumba, akamwambia alie kidogo, kwamba machozi yakikaa ndani yanageuka maradhi. Istahil alijaribu. Alikaa na uso mkavu akingoja, kama mtu anayengoja chafya, na chafya haikuja. Akainuka akawamiminia wageni chai. Siku zile alikuwa akifanya kila kitu vilevile: anapika mikate ya anjera, anamtayarisha binti yao Idman aende shule, anafungua duka. Alasiri moja, akitawadha, aliona lengelenge kubwa kwenye kiganja cha kushoto. Limetoka jikoni, hapana shaka, lakini lini, hakukumbuka. Alilitazama maji yakipita juu yake.

Arbia alifika kwa basi la kupitia Wajir, vumbi mpaka kwenye kope. Mohamednoor alikuwa amemkodishia chumba mtaa wa pili, akamleta dukani asubuhi, akawajulisha kwa haraka, kisha akasema ana safari ya Elwak kumalizia mlingoti. Akawaacha wanatazamana.

Alikuwa mdogo kuliko Istahil alivyodhania, mwenye uso mpana na macho yasiyotulia. Kwao Elwak walizungumza Kiborana nyumbani, na Kisomali chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei tu. Istahil hakujua Kiborana hata neno. Ikabidi wazungumze Kiswahili, lugha ambayo wote wawili waliipata darasani na hakuna aliyelelewa nayo. Arbia alimwita dada. Istahil hakumwita kitu. Akitaka kumwambia neno, alimgeukia na kuanza kusema.

"Hii ni swichi," alianza, akiweka mkono juu ya sanduku jeusi lenye matundu mengi.

Arbia aliitazama. "Ya kuwasha na kuzima?"

"Si ya taa. Sikiza." Na Istahil akaeleza, kwa sauti ya mtu wa dirisha la dawa hospitalini anayesoma namna ya kuzimeza: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Zamani, alisema, kulikuwa na kifaa kinaitwa habu. Habu ni kama mtu anayepita sokoni na kipaza sauti. Ukimpa ujumbe wa mtu mmoja analitangazia soko zima, na kila mtu anaacha kazi kusikiliza, kumbe si wake. Swichi ina akili zaidi. Kila tundu hapa ni mlango, unaitwa porti. Kompyuta ikituma kitu, kile kitu kinakatwakatwa vipande vidogo, pakiti, na kila pakiti imeandikwa nani katuma na inakwenda kwa nani. Pakiti ikiingia, swichi inasoma jina la aliyetuma, inaweka akilini: fulani yuko porti ya tatu. Siku nyingine ukija ujumbe wa fulani, inaupeleka porti ya tatu peke yake. Wengine hawajui hata kama umepita.

"Na kama haimjui?"

"Inapeleka kwa wote, isipokuwa kule ulikotoka. Mwenyewe akijibu, imeshamjua."

"Na akinyamaza siku nyingi?"

"Hata siku hazifiki. Dakika chache tu akinyamaza, inamfuta."

Wote wawili walisema borti na bakiti, kila mmoja kwa namna ya kwao, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mafunzo yalikwenda hivyo. Istahil alishangaa, kwa mshangao wa mbali usiomgusa, jinsi maneno yalivyotoka kwa mpangilio wakati ndani hapakuwa na kitu. Alimfundisha kwamba kila kifaa kina anwani mbili. Moja kimezaliwa nayo kiwandani, haibadiliki kikienda popote, kama ukoo wa mtu: ukihamia Mandera, ukihamia Nairobi, mababu zako ni walewale. Ya pili kinapewa pale kinapofika, kama nyumba ya kupanga. Swichi inafanya kazi na ile ya ukoo, ndani ya mtaa mmoja. Kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine ni kazi ya ruta. Ruta ndiyo inayojua njia. Kompyuta ikitaka kumpata mtu asiye wa mtaa wake, haihangaiki kumtafuta. Inaipa ruta ujumbe na kurudi zake. Ndiyo maana ruta inaitwa lango.

Arbia alishika upesi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na baada ya kuharibu vichwa kadhaa vya waya alifunga kimoja kikapita kwenye kipimo bila kasoro. Aliinua uso akitabasamu, akaona uso wa Istahil, akalizima tabasamu. Kulikuwa na mambo madogo kama hayo. Alileta anjera kutoka chumbani kwake, Istahil akala, akasema asante. Idman alipotoka shule alikaa karibu na mgeni akimfundisha kuhesabu kwa Kisomali, na Istahil aliwasikia wote wawili wakicheka huku akiendelea kubandika namba kwenye nyaya.

Siku moja, wakiwa juu ya paa la hoteli wanarekebisha antena iliyosogezwa na upepo, Arbia alisema bila kuulizwa kwamba hakujua mambo yangekuwa hivi. Nyumbani kwao waliambiwa Mohamednoor ana mke Garissa, mama wa nyumba, mpole, na kwamba ndoa ya pili ameibariki. Baba yake aliuliza mara mbili kuhusu hilo. Alikuja akitarajia kufundishwa na fundi wa kiume aliyeajiriwa.

"Aliniambia umekubali," alisema. "Aliniambia wewe ndiye uliyemwambia atafute mtu wa Elwak."

Istahil alikaza nati moja, akahamia ya pili. Jua lilikuwa limeshika bati mpaka viatu vinanata. Chini yao lori la mbuzi lilikuwa linarudi nyuma, utingo anagonga ubavu wa gari.

"Sikuulizwa," alisema.

Arbia alikuwa ameshika spana ndogo, akaiweka chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. Istahil alijua kwamba hapo palikuwa na kitu cha kuhisi. Aliona wazi uongo ulivyopangwa, huku umesemwa hivi na kule vile, na kati ya huku na kule mume wake amesimama akichagua nani asikie nini. Aliona kila kitu, kama anavyoona mtu njia ya waya ukutani, na moyo ulikuwa ganzi. Alimwambia Arbia ampe spana.

Haikupita wiki, mtandao wa Iftin ukafa.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Istahil alikuwa ameenda duka la dawa kubadilisha chaja iliyoungua, Arbia amebaki dukani peke yake. Simu zikaanza. Madrasa hawapati kitu, hoteli hawapati kitu, mwenye duka la dawa mwenyewe amesimama mbele yake anamuuliza kulikoni. Istahil alirudi kwa miguu, bila kukimbia, na alipoingia dukani alijua kabla ya kuweka mfuko chini. Taa za swichi kwa kawaida hupepesa kila moja kwa wakati wake, kama watu wanaozungumza kwa zamu. Sasa zote zilikuwa zinapepesa pamoja, kwa kasi, porti zote, bila kupumzika.

"Umechomeka nini?" aliuliza.

Arbia alikuwa amesimama ukutani, ufagio mkononi. Alikuwa anafagia, alisema. Kule nyuma, kwenye swichi ya pili, ndogo ya bei rahisi, iliyounganishwa na ile kubwa, aliona ncha ya waya inaning'inia, akadhani imechomoka, akairudisha kwenye tundu lililokuwa wazi.

Istahil alipiga magoti, akaufuata waya kwa vidole. Ilikuwa kama alivyofikiri: ncha zote mbili zimeingia kwenye swichi ileile. Kabla ya kuuchomoa alimwita Arbia aje aone, maana jambo hili mtu haelewi mpaka alione.

"Hiki ni kitanzi," alisema. "Kuna ujumbe ambao ni wa wote, kama mtu anayeuliza: mwenye anwani hii ni nani? Swichi inautoa milango yote. Sasa umetoka mlango huu, umezunguka kwa waya, umeingia mlango ule. Swichi inadhani ni mpya. Inautoa tena milango yote. Unazunguka, unazaa. Hakuna kitu ndani ya huo ujumbe cha kuuzeesha ufe. Baada ya muda kidogo nyaya zote zimejaa swali lilelile moja, na hakuna nafasi ya mtu mwingine kusema. Hiyo inaitwa dhoruba. Swichi kubwa ina kinga, ikiona kitanzi inafunga mlango mmoja. Hii ndogo haina."

Akauchomoa. Taa zikatulia, moja moja.

Simu yake ikalia hapohapo. Ni Mohamednoor, kutoka Elwak. Mikono ya Istahil ilikuwa na vumbi, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiacha mezani, spika imewashwa. Wateja walikuwa wamempigia yeye pia, na kwa kuwa yuko mbali alikuwa amepata muda wa kukasirika vya kutosha. Alitaka kujua nani amefanya nini.

"Kilikuwa kitanzi," Istahil alimwambia. "Nimeshakitoa."

"Miaka yote hii hakujawa na kitanzi. Nani ameweka?"

"Nimekwambia kimetoka."

Kisha Mohamednoor akasema, kwa sauti ya chini, ile sauti anayotumia na wateja wagumu, kwamba yeye si mtoto. Kwamba anajua wanawake. Kwamba amengoja siku zote hizi aone lini itatoka, na sasa imetoka.

"Ni wivu, Istahil. Umezima mtaa mzima ili mtoto wa watu aonekane hafai. Muogope Mungu."

Istahil aliitazama simu. Ni Arbia aliyeinama juu ya meza.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nimechomeka waya. Dada hakuwako."

Wakasikia upepo wa Elwak kwenye simu, na mtu akipiga nyundo chuma.

"Ah," alisema Mohamednoor. "Ni wewe?" Na sauti ikabadilika palepale, ikawa na kicheko. "Basi si kitu. Unajifunza. Kila mtu anaharibu akijifunza, usijali kabisa." Akamuuliza kama amekula. Akakata simu bila kumrudia Istahil hata neno.

Wanawake wale wawili walibaki dukani. Arbia ndiye aliyelia. Alilia akiwa amekaa juu ya boksi la kebo, mtandio machoni, na Istahil alimletea maji. Halafu adhana ikaita, wakaswali bega kwa bega, kwa kuwa duka lilikuwa na mkeka mmoja.

Baada ya swala Istahil alikaa mbele ya kompyuta, akafungua mipangilio ya swichi kubwa, akaanza kuandika. Arbia alisogea akauliza anafanya nini.

"Ninagawanya. Wateja wa Iftin upande mmoja, mambo ya Elwak na majaribio yako upande mwingine." Alionyesha kwa kidole. "Sanduku ni lilelile, umeme uleule. Lakini sasa ni kama nyumba mbili ndani ya boma moja. Wa huku wakipiga kelele, wa kule hawasikii. Wakitaka kuongea lazima wapite kwa ruta, na kwa ruta ndipo unaweka sheria: huyu apite, huyu asipite."

"Na swichi inajua imegawanywa?"

"Inajua. Haiumii."

Alipomaliza aliendelea kukaa, mikono juu ya meza. Baadaye hakuweza kusema ni saa gani hasa aliamua, au kama aliamua. Alifunga duka mapema, akaenda kwa mama yake, akamwambia amwite mjomba wake Warsame na watu wa upande wa Mohamednoor. Muslimo aliuliza kama ni talaka anayotaka. Istahil alifikiri, akasema talaka au si talaka kwake ni mamoja, hilo waliamue watu wenye kupenda kuongea. Anachotaka ni duka.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Muslimo, Mohamednoor alipokuwa amerudi. Wanaume walizungumza sana. Mohamednoor alisema vizuri kama kawaida yake, akataja subira na watoto na fitina ya majirani, na baadhi ya wazee wakatikisa vichwa kumkubalia. Alipomaliza, Warsame alimwomba mpwa wake aseme. Istahil alisema kwa ufupi. Kazi ya Iftin aliijenga yeye kwa mikono yake, na mumewe mbele ya mwanafunzi wake amemwita mharibifu wa kazi hiyo. Haiwezekani mtu amiliki kitu na mtu mwingine asemwe anakiharibu. Basi Iftin iandikwe jina lake, Elwak ibaki ya Mohamednoor na mkewe. Akitaka kuja nyumbani siku zake kama sheria inavyompa, mlango hauna kufuli.

Mzee mmoja aliuliza kama ana kinyongo na yule msichana. Alisema hana. Waliona uso wake, wakaamini, na pengine ndicho kilichowaogofya, maana baada ya hapo hakuna aliyebishana naye kwa muda mrefu. Iftin ikaandikwa jina lake.

Arbia alikaa mpaka alipojua kazi. Istahil hakumficha chochote. Alimfundisha kinga ya vitanzi, alimfundisha kutafuta hitilafu kwa kuanzia kwenye waya kabla ya kulaumu mashine, alimpa koleo la pili na kipimo. Siku ya safari walisimama kituoni kati ya magunia na madumu. Arbia alisema atapiga simu akikwama. Istahil akamwambia aanze na waya. Basi liliondoka, naye akaenda Soko Mugdi kununua nyanya.

Mohamednoor alikuja nyumbani mara chache, kisha mara chache zaidi. Hapakuwa na ugomvi. Alikula, akacheza na Idman, akaondoka.

Arbia alipiga simu mwishoni mwa kiangazi, asubuhi ya Jumamosi, Istahil akiwa ameinama anafungua boksi la antena mpya. Porti moja taa yake ilikuwa ya chungwa badala ya kijani, mlango hautoi kitu. Istahil alimuuliza nini kimeongezwa. Arbia akasema kuna mteja ameleta swichi yake mwenyewe. Basi, alisema Istahil, swichi kubwa ya huko imeona kitanzi na imefunga mlango. Usiulazimishe, nenda kwa mteja, tafuta waya wenye ncha mbili mahali pamoja. Walisubiriana kwenye simu. Arbia akaupata, akashukuru, akauliza habari za Idman na za mama, akasema mvua kwao haijanyesha bado na ng'ombe wa baba yake wamehamishwa. Wakaagana.

Idman alikuwa sakafuni anachora. Hakuinua kichwa kumuuliza mama yake.

"Hooyo, ulikuwa unaongea na nani?"

"Mke mwenzangu," alisema Istahil.

Lilitoka kirahisi, kama neno lolote, ingawa hakuwahi kumwita hivyo. Aliinama kurudi kwenye boksi, na hapo kifua kikambana, kama mtu aliyebebeshwa gunia ghafla akiwa anatembea. Akashika ukingo wa meza. Goti likagusa sakafu, halafu la pili. Idman aliacha penseli, akamtazama. Istahil akamwambia amletee maji, na alipokuwa anasema hivyo aliona matone yanaanguka juu ya kadibodi, akashangaa kwanza yametoka wapi.

Mteja alisimama mlangoni, mzee mwenye kofia, akasalimu. Istahil aliitika salamu kutoka pale chini. Akamwomba angoje kidogo, na mzee akasema hana haraka, akakaa kwenye benchi la nje.